Begi Katikati ya Miguu

Shule niliiacha darasa la sita, lakini watu nimewasoma sana. Kila mji niliopita nilitazama miguu na mikono kuliko midomo. Mwenye duka akikwambia "karibu ndugu" huku kidole kinaendelea kubonyeza simu, hajakukaribisha. Kwa mambo hayo nilijiona mjuzi.

Mwaka jana dada yangu wa Mafiga alinipigia nikiwa Makambako. Binti yake anaposwa, wakwe wanashuka kutoka Matombo, na kwetu Waluguru posa haijibiwi mjomba akiwa hayupo. Mjomba wa yule binti ni mimi tu. Nilifika asubuhi ya siku yenyewe, begi begani.

"Karibu, mjomba mtu!" dada alisema, akacheka. Mikono yake lakini ilinyoosha kola yangu, ikashuka kukagua vifungo, ikarudi tena kwenye kola. Nikajua anaogopa nitawaaibisha.

"Safari hii nimekuja kukaa, dada."

"Haya," akajibu, akiwa ameshageuka.

Wageni walipofika niliwekwa kwenye kiti kikubwa sebuleni. Mshenga wao, mzee wa kanzu, niliyempa shikamoo kwa adabu zangu zote, alizunguka kwa maneno matamu, kisha akanikabili.

"Mjomba, binti tumempenda. Ila ndoa ina mengi. Siku wakikorofishana, wewe tunakukuta wapi?"

"Hapa hapa Mafiga, mzee wangu. Siendi popote."

Sauti yangu ilitulia vizuri tu. Lakini mzee hakunitazama usoni. Alitazama chini, na wengine wote wakatazama alipotazama. Nikainama kuona na mimi. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti, kisigino kimoja juu, begi nimelibana katikati ya miguu na mkanda wake nimeuzungusha kiganjani.

"Mjomba," akasema mama mmoja wa upande wao, "basi lako la saa ngapi?"

Kicheko kikalipuka. Hata pazia la chumbani, alikojificha mpwa wangu, lilitikisika. Dada hakucheka. Uso uliniwaka kama nimeinamia jiko. Kumbe miaka yote ile nasoma watu, na mimi nilikuwa nasomeka, na dada alishanisoma tangu mlangoni. Hakuwa analikagua shati.

Aliinuka, akaja kuninyang'anya ule mkanda taratibu, kidole baada ya kidole, kama unavyomtoa mtoto mkononi kitu alichookota. Akalipeleka begi chumbani kwake. Alirudi mikono mitupu, akakaa mkekani karibu na kiti changu.

"Yupo," akamwambia mzee. Kisha kwangu, bila kunitazama: "Jibu, mdogo wangu."

Nikajibu kwamba posa tumeipokea. Walipiga vigelegele. Mimi mikono sikujua pa kuiweka, nikaikalia.