Kondoo wa Mzee Gough

Edwin Gough alifuga kondoo maisha yake yote pale kilimani juu ya kijiji, kama baba yake. Mwaka jana aliuza hadi wa mwisho. Kabla ya hapo alimwendea Giles, mmiliki mpya wa baa ya kijiji, akamwomba anunue wanakondoo wake. Akaambiwa nyama yake ghali. Na nani? Mtu wa kuja, hata kumshika kondoo hajui!

Siku ya kuzaliwa ya Edwin, bintiye Hazel akampeleka baa hiyohiyo kwa chakula cha mchana. Zamani wakulima waliingia humo na viatu vya matope. Siku hizi ni wageni wa mjini, wanaonusa mkate kabla ya kuula.

"Leo tuna kondoo wa kuchoma," akasema mhudumu, binti mgeni. "Hajui kemikali. Anatoka kwa mzee Gough, hapo kilimani tu. Bosi anasema huyo mzee anawaita kondoo wake kwa majina."

Hazel akasubiri mhudumu aondoke. "Baba, umesikia? Ulimwomba ukiwa umevua kofia, akakutimua. Leo anauza jina lako! Akija, mpashe mbele za watu."

"Nitampasha," Edwin akasema, uso umemwiva kwa hasira.

Giles akapita meza hadi meza, kama ilivyo desturi. "Kila kitu sawa?"

Jamani, watu wa huku! Mpe supu yenye nzi, atanung'unika njia nzima hadi kwake, lakini mezani atakuambia tamu. Kulalamika hadharani ni aibu kuliko njaa.

"Tamu sana, asante," akasema Edwin.

"Baba!" Hazel akamgeukia Giles. "Huyu ndiye Gough unayemuuza!"

Giles akabadilika rangi. Lakini bwana wa meza ya pili alishainuka, mkono mbele. "Gough mwenyewe? Mzee, tumetoka mbali kwa ajili ya kondoo wako. Mke wangu anasema hajapata kula nyama kama hii."

Neno moja tu lingemmaliza Giles. Edwin akamtazama yule mama, anavyotabasamu mdomo umejaa. Miaka yote ile ya kuuza kondoo mnadani, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akafuta kiganja, akaupokea mkono.

"Siri ni nyasi za kilimani," akasema.

Hazel akachukua koti lake, akaenda kumsubiri kwenye gari.