Choo cha Mama Mkwe

Miaka ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, ilinikuta Chanji, mtaa wa Sumbawanga, nikiwa fundi bomba, na nakiri ilinilevya kidogo. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kuziba mabomba yanayovuja kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mara maduka ya Sumbawanga yakaanza kuuza koki zinazong'aa na vyoo vya kukalia, na kila aliyejenga nyumba ya wageni akataka angalau kimoja, hata kama maji yenyewe yalitoka mara mbili kwa wiki. Nilifunga vingi. Nikimaliza, nilipanda juu ya bakuli kwa miguu yote miwili mbele ya mwenye nyumba ili aone kuwa halitikisiki. Kiburi changu kilianzia hapo.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa akifanya biashara ya dagaa na sabuni kule Kabwe, ziwani. Mwaka mmoja akanunua huko Mpulungu, ng'ambo ya mpaka, mashua ya matanga yenye chumba kidogo ndani, mali ya Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ndani ya chumba hicho mlikuwa na choo cha kukalia, cha aina ile inayovuta maji ya ziwa kwa pampu ya mkono. Bakuli lilikuwa limepasuka na pampu imeganda kwa kutu. Shemeji akatafuta kingine kilichotumika, chenye pampu nzima, kisha akaniletea salamu kwa dereva wa lori: njoo na spana zako, ni kwa ajili ya mama.

Mama huyo ni mama mkwe wangu. Dada yake wa pekee alikuwa ameolewa Kigoma, na walikuwa hawajaonana kwa miaka tisa. Meli kubwa ilipita Kabwe, lakini ilitia nanga mbali na watu waliipanda kwa ngazi kutoka kwenye mitumbwi. Yeye alikuwa na mguu mmoja mbovu tangu alipoanguka kisimani, hivyo ngazi hakuiweza. Mwaka uliotangulia alijaribu kwenda kwa mtumbwi wa mashine. Mle ndani choo kilikuwa kopo, na abiria wengine wote walikuwa wanaume. Mama yule, aliyependa chai kuliko chakula, hakutia hata tone la maji mdomoni tangu jioni ya kabla ya safari. Siku ya pili alizimia, wakamrudisha nyumbani kabla ya kufika nusu ya njia. Tangu hapo alisema ziwa limemshinda.

Sasa, mwanamume aliyelelewa kama mimi hazungumzi na mama mkwe wake habari za choo. Hata habari za mahindi hatukuzungumza. Akitokea njiani, nilikata kona kupitia shambani. Nilipomwamkia nilikuwa nyuma ya ukuta au nimempa mgongo. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa niliijua sauti yake kuliko sura yake, na wakwe zangu walinisifu kwamba nina adabu.

Nikateremka Kabwe na mkoba wa vifaa na nusu mfuko wa saruji. Naam, saruji. Nilifunga koki ya kuingizia maji, nikakata bolti za zamani kwa msumeno wa chuma, nikalitoa lile bakuli bovu. Kile alichotafuta shemeji nilikikalisha mahali pake, nikakipiga skrubu nne kwenye mbao za sakafu, kisha nikakizungushia saruji safi, nikailainisha kwa kidole. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitumbwi pale ufukweni alikuwa akinitazama. Mwishowe akaniuliza kama nyumba za kwetu milimani huwa zinajikunja. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba vyoo vyangu vyote vilikuwa vimesimama.

Tulisubiri saruji ikauke, siku mbili nzima, kisha mimi, shemeji na yule mzee tukatoka na mashua kwenda kukijaribu choo. Mimi mwenyewe nilikaa juu ya choo, nimevaa suruali yangu, nikiwa nimekunja mikono. Tulipopita rasi, mawimbi yakatupiga ubavuni. Nikasikia mlio mdogo chini yangu. Saruji ikabanduka yote kama ukoko wa ugali, skrubu zikang'oka, na mimi na bakuli langu tukaenda pamoja mpaka ukutani. Shemeji alicheka mpaka akaliachia tanga. Yule mzee hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Asiyejua kitu huuliza, nami nikamuuliza. Akanieleza kwamba mashua hujikunja kidogo kila inapopigwa na wimbi, na saruji haijui kujikunja. Tukafungua sakafu. Chini yake tukalaza ubao mnene wa mninga, ukashikilia mbavu mbili za mashua, tukapitisha bolti za shaba kutoka juu mpaka chini, na washa, vile viduara vya chuma vya kukalia nati, pana kama sahani za vikombe. Kati ya bakuli na mbao nikaweka mpira wa ndani wa tairi ya lori. Nilikaza nati kidogo kidogo, hii kisha ile ya upande wa pili, maana ukikaza moja kwa hasira bakuli hupasuka. Mpira wa kutolea uchafu tukaupandisha juu kabisa ya usawa wa ziwa kabla ya kuuteremsha, ili maji yasirudi kumtembelea aliyekaa. Safari hii, mawimbi yalipotupiga, choo kilikwenda na mashua, nami nikabaki juu yake.

Kikabaki kishikio cha kumsaidia mama kuinuka. Nilikikunja kwa bomba la chuma. Lakini kiwekwe ukuta upi? Nilimuuliza shemeji ni mguu upi wa mama ulio mbovu. Akasema wa kulia, akafikiri, akasema nadhani wa kushoto. Wanawake wa pale nyumbani wangenijibu mara moja, ila niliona aibu kuwauliza habari za mguu wa mkwe wangu. Upande wa kulia kulikuwa na mkono wa pampu uliobana nafasi. Nikakifunga kushoto, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwangu.

Asubuhi ya safari nilijificha nyuma ya vichanja vya dagaa, kama adabu inavyotaka. Nilisikia akisaidiwa kupanda, nikasikia mlango wa chumba ukifungwa. Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka alimwambia mwanawe amteremshe, haendi tena. Shemeji akambembeleza na kumuuliza sababu. Mama angemwelezaje mwanawe wa kiume kwamba ameketi na nusura ashindwe kuinuka? Mimi nyuma ya dagaa nilikuwa nimeshaelewa: kishikio nilikifunga upande usiofaa. Kwa ajili ya adabu yangu mtu angekufa bila kumwona dada yake.

Kisha nikasikia sauti yake.

"Fundi yuko wapi?"

Nilitoka nikiwa nimeinamisha kichwa, macho kwenye mchanga wa mbele yangu.

"Nitazame," akasema. "Leo hapa sina mkwe. Nina fundi."

Nikamtazama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya mke wangu. Fimbo aliishika kwa mkono wa kulia, na bega la kushoto lilikuwa limeshuka, likiufuata mguu wa upande ule.

"Mkono ninaoutumia ni huu," akasema, akiinyanyua ile fimbo. "Kishikio chako umekifungia upande wa mguu uliokufa."

Nilimwomba radhi, nikaingia chumbani. Mkono wa pampu niliugeuza uelekee mbele, nikahamishia kishikio ukuta wa kulia, nikaweka ubao nyuma yake, nikakaza, kisha nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Yeye alikaa ufukweni juu ya gunia, amenipa mgongo. Safari hii yeye ndiye aliyenisitiri mimi. Nilipomaliza niliondoka bila kuaga, nikarudi nyuma ya vichanja. Aliingia tena chumbani. Haikuchukua muda, nikasikia wakitweka tanga.

Nilirudi Sumbawanga nikaendelea na nyumba za wageni, ila niliacha mtindo wa kupanda juu ya mabakuli. Wiki kadhaa baadaye shemeji alipita kwetu. Alisema walifika salama, na kwamba wale dada wawili walishikana mikono siku nzima ya kwanza, wakila kwa zamu. Mama alikuwa ametuma salamu kwa binti yake, na mwishoni maneno machache ya kwangu. Mke wangu ndiye aliyeniletea uani, maana yalipitia kwake.

"Mama anasema, mwambie fundi, njiani nilikunywa chai. Vikombe viwili."

Akaniuliza chai inahusiana nini na mimi. Nilikuwa nimeshika spana, nikajifanya naitafutia mahali pa kuiweka.