Mikono Iliyopimwa Saa Saba

Nilianza kazi nikiwa bado msichana wa shule, likizo ndefu, katika kiwanda cha vifaa vya hospitali pale Tororo. Nilipewa kiti katika Ofisi ya Wafanyakazi nijifunze namna watu wanavyoajiriwa. Nyinyi mnaajiriwa kwa vyeti na mahojiano. Sisi tuliajiri kwa mikono.

Sindano za siku zile zilikuwa za kioo. Kila bomba lilisagwa kwa mkono mpaka pistoni yake iingie bila kuvuja. Kwa hiyo aliyetafuta kazi alishikishwa bomba lililojaa maji pomoni, mkono ameunyoosha. Akimwaga, arudi kwao. Mtihani wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni ile saa. Watu walifika alfajiri kwa miguu kutoka Mella, wengine wamelala njiani kutoka Dabani, wakasimamishwa juani, na Bwana Afisa, mkuu wa ofisi yetu, akawapima saa saba mchana, yeye ameshashiba. Aliyetetemeka aliitwa mlevi. Kwake yeye, watu wa huku wote walishinda kwenye chungu cha malwa, pombe ya ulezi, na mirija yao.

Siku moja alisimama Perusi, mjane wa Dabani mwenye watoto wa kulisha. Maji yalimwagika.

"Malwa hiyo," Afisa akasema kwa sauti. "Mwingine!"

"Mimi nimeokoka, Bwana. Malwa sijui hata ladha yake. Tangu jana sijala kitu."

Watu wakacheka. Damu ilinichemka. Nilimpeleka jikoni kwa wapishi, wakampa uji, akapumzika, kisha nikamrudisha mbele ya Afisa. Hakumwaga hata tone.

Afisa alitazama lile bomba, akatazama watu waliokuwa wakimtazama yeye. "Kazi ataipata," akasema. "Ila kwanza aseme mbele ya wenzake kwamba asubuhi alikuwa amekunywa. Nami nitamsamehe."

"Sema tu, mama," nilimnong'oneza. "Ni maneno."

Perusi aliliweka bomba mezani taratibu. "Dhambi zangu nilizitubu zote mbele ya ndugu kanisani, Bwana. Hii haikuwamo."

Akajifunga leso, akashika njia ya Dabani bila kazi.

Nilimuuliza Afisa kwa nini. "Binti," akanijibu, "ofisi hii ikigeuza neno mbele ya vibarua, nani ataiogopa tena?" Alidhani ananifundisha kazi. Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo nakosa usingizi kwa hasira.

Baadaye nilikuwa Afisa wa Wafanyakazi mwenyewe, Busia kwanza, kisha Malaba. Niliwapima watu asubuhi, baada ya chai, na nilipokosea nilisema nimekosea.

Siku ya kustaafu, Meneja alisimama kunisifu. Alisema kwa miaka yote ofisi yangu haikugeuza neno hata mara moja, na wageni wakapiga makofi. Nikainuka kabla hajamaliza, nikamwambia mbele ya wote kwamba huo ni uongo, aufute.