Dole la Mama Nyamizi

Siku yangu ya kwanza jinari, msimamizi wa zamu hakuniuliza hata jina. Alitazama viganja vyangu akasema, "Hivi vitachanika. Haya, ingia." Jinari ni kiwanda cha kuchambua pamba, na yetu ilikuwa ufukweni, nje kidogo ya Mwanza, mali ya ushirika. Nilianzia kwenye roli, yaani magogo yaliyovikwa ngozi, ambayo huvuta nyuzi na kuacha mbegu upande wa pili wa kisu. Vumbi lake lilinikalia kifuani, na mpaka leo nakohoa.

Kila siku ya mshahara mashine hazikuzimwa. Asubuhi keshia alipita na orodha, kila mtu akasaini palipoandikwa "nimepokea", na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Jioni alipita tena na bahasha. Meneja wa wakati huo, mtu mkali kwelikweli, alituambia, "Saini ya asubuhi ni deni langu la jioni. Nikikosa, njooni nyumbani mnivue shati." Hakukosa hata siku moja.

Nikapanda mpaka kuwa msimamizi wa zamu. Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao mpaka vijiji vya Magu kuwahi pamba, ushirika ukafilisika, jinari ikauzwa kwa tajiri mmoja. Misimu miwili tu, akatangaza kutupunguza watu arobaini. Tulidai mshahara wa mwezi wa mwisho, likizo tusizokwenda, malipo ya notisi na nauli ya kurudi makwetu. Hiyo haikuwa zawadi jamani, ilikuwa haki yetu!

Asubuhi ya mwisho meneja mpya alinishika bega. "Mzee, waambie watu wako wasaini, tuwahi benki. Fedha saa tisa."

Na mimi, mpumbavu mimi, nikawapanga mstari.

Wote walisaini isipokuwa Mama Nyamizi, mjane wa Magu, aliyekuwa akitenga pamba safi na fifi, ile chafu. Alinizidi umri na miaka ya kazi. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa inavuja, na malipo hayo ndiyo yangekuwa bati.

"Sijapokea kitu," akasema. "Dole la nini?"

"Mama, si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

"Siku zote alikuwa meneja mwingine."

Nilipandwa na hasira. Mimi msimamizi, nibishiwe mbele ya watu! Nikamshika mkono, nikalibonyeza dole lake kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Hakuvutana nami. Alijifuta wino kwa kanga.

Saa tisa tulikuta lango lina kufuli. Mlinzi akatuambia meneja kasafiri, na kwamba kwenye vitabu sisi tumeshalipwa.

Tulihangaika miezi mingi mpaka afisa kazi akatuita pamoja na meneja. Akaweka orodha mezani. "Saini hizi ni zenu?"

"Ni zetu."

"Basi mmekiri kupokea. Nitawasaidiaje?"

Meneja alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. "Wazee hawa wamesahau tu," akasema.

Tumesahau! Mtu ameacha ujana wake kwenye roli, unamwambia amesahau mshahara wake! Nilisimama nikamwita mwizi, afisa akanikemea nikae. Sikukaa.

"Bwana Afisa, dole la huyu mama si lake. Alikataa. Nililibonyeza mimi kwa nguvu."

"Unajua hilo ni kosa? Uko tayari kuliandika?"

"Lete kalamu."

Niliandika kila kitu. Meneja alikitoa kile kijiti mdomoni.

Dole lile likafutwa orodhani, Mama Nyamizi akalipwa. Sisi thelathini na tisa tuliosaini kwa mikono yetu hatujaona senti. Wengine wamekufa wakidai. Wapo niliofanya nao kazi ambao hawaitikii salamu yangu, na siwalaumu, kwa sababu ni mimi niliyewapanga mstari.

Sasa nimezeekea hapa Mabatini, mjini Mwanza, natengeneza mizani za wauza dagaa. Hasira haijaisha, na sitaki iishe. Nyie vijana mkiambiwa sainini kwanza, ulizeni fedha iko wapi. Mkiitwa wakaidi, kubalini. Mimi nilimwita mtu mkaidi, kumbe ndiye peke yake aliyekuwa na akili siku ile.

Nilikwenda Magu kumwomba radhi. Nilimkuta amekaa mlangoni, bati jipya juu yake.

"Shikamoo, mama."

Alitazama kwanza mikono yangu.

"Marahaba," akasema. "Safari hii, waliponiletea fedha, nilihesabu kwanza, nikawaambia na wao wahesabu tena. Ndipo nikaweka dole. Na hakuna aliyenishika mkono."