Nilivyowaoshea Wakwe Ngazi

Jamani, aibu nyingine mtu huificha mpaka ikachakaa yenyewe, lakini hii yangu ilitokea mchana kweupe mbele ya wakwe, kwa hiyo hata nikinyamaza wao wataisema, na wakiisema wao wataipamba, basi bora niieleze mwenyewe na nijitahidi kumtendea haki kila mmoja, hata barafu. Mimi si msomi, niliishia darasa la saba, na mara nyingi nikiandika jambo najiuliza kama ndivyo lilivyokuwa au ndivyo ninavyotaka liwe. Hili sina shaka nalo. Nyonga bado inauma.

Marehemu mdogo wangu aliacha watoto wawili hapa ughaibuni kwenye baridi, Hamisi na Zuhura. Hamisi ana nyumba yake Markham, dada yake anakaa naye, na huyo dada ndiye aliyekuwa anaposwa. Baba yao yuko Tanga, akanipigia simu akasema, "Shemeji, maneno ya kiume atayasema Hamisi, lakini heshima ya nyumba nakuachia wewe." Heshima ya nyumba! Neno hilo sikulala nalo vizuri. Wakwe wenyewe, watu wa Mombasa wanaokaa Richmond Hill, walikuwa wanasitasita, na tulisikia kwamba baba mkubwa wa kijana, Mzee Bakari, amesema nyumba isiyo na mama haiwezi kujua kupokea wageni. (Nasema tulisikia. Sikuwepo aliposema, na maneno yakitoka Richmond Hill mpaka Markham huongezeka uzito njiani.) Lakini Zuhura yalimfikia hivyohivyo, akawa hali vizuri, maana kijana, Idrisa, alishamwambia wazi kuwa anampenda ila wazee wake wakikataa hatawavunja moyo. Ikawa basi yote yanategemea tutakavyowapokea Jumamosi ile.

Sasa lazima niseme mimi nakaa wapi. Nakaa ghorofani St. James Town, na kule juu theluji ni kitu cha kuangalia dirishani ukiwa na chai mkononi. Chini kuna watu wa jengo wanaoikwangua, mimi nikitoka kwenye lifti nakuta njia. Hii baridi ya tatu, na sijawahi kuwa na ngazi ya kwangu hata moja ya nje.

Nililala kwa Hamisi tangu Ijumaa ili niamkie jikoni. Asubuhi nikiwa na vitunguu vya pilau nilimsikia anakwangua huko nje, kisha akaingia akiwa mwekundu puani, akasema, "Mama Mkubwa, ngazi ziko tayari, naenda kuchukua sambusa," akaondoka. Zuhura alikuwa juu anajitengeneza. Nikasema ngoja nikazione hizo ngazi zilizo tayari.

Nikafungua mlango wa mbele nikashtuka. Zilikuwa zimepakwa weupe kama uji uliokaukia sufuriani, na juu ya weupe kuna punje punje, nyingine zina rangi ya bluu, zimetapakaa kuanzia chini mpaka kizingitini. Nikainama nikachukua punje moja nikaionja. (Ndiyo, niliionja, chekeni.) Ilikuwa chumvi.

Hapa naomba mnielewe. Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akikuta chumvi imemwagwa kizingitini siku ya posa haulizi ni ya duka gani. Nilijiuliza ni nani. Nani anamhusudu mtoto huyu asiye na mama? Tena ya bluu! Nilimfikiria mama mmoja ambaye mwanawe alimtaka Zuhura mwaka juzi, na namwomba radhi hapahapa, maana hajanikosea kitu na siku hiyo, nimekuja kujua, alikuwa kazini kwake. Kumuuliza Hamisi ingekuwa rahisi, simu nilikuwa nayo mfukoni, lakini niliona nisimtie hofu kijana wa watu akiwa kwenye usukani. Nikaamua kuziosha. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, ndoo na fagio.

Nilichemsha maji, nikatia sabuni, nikasoma Ayatul Kursi, nikamwaga. Moshi uliopanda hapo sijawahi kuuona maishani! Ulisimama mweupe mbele ya uso wangu kama mtu aliyetaka kuniambia kitu, nikasahau baridi, nikawa namwaga na kuangalia, namwaga na kuangalia. Nikasugua ngazi moja moja. Maji yakateremka yakaifuata njia ile ya saruji inayoinamia barabarani, nayo ikang'aa. Nikamalizia na marashi kidogo, nikafunga mlango, nikaenda kuoga, roho yangu nyeupe.

Nilipokwisha kuvaa (dera jipya la zambarau, kashida ya kuendana nalo) nikarudi kutazama kazi yangu. Wallahi zilikuwa zinapendeza. Zilimeta kama vigae vya msikiti. Nikasema mashallah, bado mbichi, nikatia mguu.

Sikumbuki ngazi ya pili. Nakumbuka mbingu, halafu nakumbuka nimekaa chini kabisa kwenye rundo la theluji, dera limepanda magotini, ndara moja iko kwa jirani. Na hebu tazameni akili ya binadamu: badala ya kuinuka nilibaki nimekaa naikodolea macho ile barafu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kijiti cha fagio langu kimelala kimenyooka kama sindano iliyowekwa chini ya kioo, na nikashangaa, maji yaliyokuwa yanachemka muda si mrefu yamewezaje kugeuka kioo upesi hivi, moto wote ule umekwenda wapi? Baridi ya makalio ndiyo iliyonizindua.

Nikazunguka kwa gereji nikaingia ndani, sikumwambia Zuhura. Nikafikiri: kilicholeta barafu ni maji kupoa, basi nikiongeza ya moto zaidi itaondoka. Nikachemsha birika, nikamwagia kwa mbali kutoka mlangoni. Ikayeyuka kweli! Nikajipongeza. Nikaenda kupunguza moto wa pilau, niliporudi ilikuwa imerudi nene zaidi, na kile kijiti nilikiona kwa taabu.

Hapo ndipo nikakumbuka mkeka. Nilikuja nao kutoka nyumbani, wa ukindu, umesukwa kwa rangi, haujawahi kukaliwa na mtu. Mgeni wa heshima hutandikiwa. Nikauteremsha kwa kuzungukia tena gereji, nikautandika chini ya ngazi juu ya ile njia, nikaunyoosha pembe zote nne, ukafunika ubaya wote. Nikawaza, wakifika Hamisi atakuwa amesharudi na atajua cha kufanya kuhusu ngazi.

Wakafika kabla yake. Watu wa Mombasa, na wakaja mapema!

Gari lilisimama kando ya barabara. Idrisa ndiye aliyekuwa anaendesha, lakini kwa desturi mwenye kuposa hajionyeshi, kwa hiyo alibaki garini ameinamisha kichwa kama mwizi. Akateremka Mzee Bakari, kanzu imechungulia chini ya jaketi refu, na nyuma yake mama yake mzazi, bibi yake Idrisa, Bi Mwanahawa, mwanamke mdogo wa umbo aliyevikwa nguo mpaka yakabaki macho. Bibi alishika mlango wa gari akangoja. Mzee Bakari akaja peke yake na sinia la halua, akauona mkeka, na nikaona uso wake umelainika. Akapanda juu yake, akasimama wima, akakohoa. Mimi niko mlangoni juu, sithubutu hata kunyanyua unyayo.

"Hodi hodi wenye nyumba!"

"Karibuni, karibuni sana. Lakini Mzee..."

"Tumepita njia nyingi, tumeona bustani nyingi," akaanza, kwa sauti ya kiposa kabisa, na nikaona kama kichwa chake kimeshuka kidogo. "Lakini katika bustani hii tumeona ua..."

Mkeka ulikuwa unaondoka. Polepole, kwa adabu, bila kumtikisa, unarudi naye barabarani, na yeye mwenyewe alikuwa hajajua, aliendelea kuzungumza huku anapungua. "...ua ambalo harufu yake..." Akatazama chini. Akanitazama mimi. Nikanyoosha mkono kama ninayeaga, Mungu ananiona, sikuwa naaga! Ule mkeka ukashika kasi, Mzee Bakari akakumbatia sinia, Idrisa akarusha mlango wa gari, desturi akaisahau, akamdaka baba yake mkubwa kifuani, wote wawili wakakaa kwenye theluji na halua katikati yao.

Mzee Bakari akainuka, akajifuta kanzu.

"Nilisema mimi. Nilisema au sikusema? Tumetandikiwa mkeka tukafukuzwa nao! Idrisa, washa gari."

"Baba, mkeka umeteleza tu..."

"Washa gari!"

Nyuma yangu nikasikia nyayo. Zuhura alikuwa ameshuka, amevaa, kapendeza kama mamaye, ameona yote kwenye dirisha la ngazi za ndani. Hakulia. Alisema kwa Kiingereza kitu ambacho sikukielewa, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Mama Mkubwa, wanaondoka." Na wakati huohuo Hamisi akaegesha, akatoka na masinia yake ya sambusa, akatazama njia inayong'aa, akatazama ngazi.

"Mama Mkubwa," akasema, "chumvi yangu iko wapi?"

Chumvi yake! Nilihisi masikio yanawaka kwenye baridi ile. Ningeweza kusema bomba limepasuka, na neno hilo lilikuwa limeshafika ulimini, lakini nikamwona Zuhura, nikaona uongo wangu utakuwa wa kwanza kuingia katika ndoa yake.

"Nimeiosha," nikapaza sauti ili wote wasikie. "Nimeziosha ngazi kwa maji ya moto. Kosa ni langu, watoto hawamo."

Mzee Bakari akacheka cheko la kukata. "Nani anaosha ngazi kwenye baridi hii?"

Bi Mwanahawa akateremsha kitambaa kinywani. "Bakari, ngoja. Bibiye, uliosha kwa nini?"

"Nilikuta chumvi kizingitini."

"Chumvi?"

"Naam, Bi Mkubwa. Imemwagwa. Na nyingine ya bluu."

"Mlangoni? Leo, siku ya posa?" Akauachia mlango wa gari. "Na ulisoma kitu ulipoosha?"

"Nilisoma. Na marashi nikatia."

Bibi akamgeukia mwanawe. "Sasa wewe unamwuliza nani anaosha? Mimi ningeosha!"

"Mama, hiyo ni chumvi ya kuyeyushia barafu, kila nyumba hapa huimwaga..."

"Naijua. Naijua leo, baada ya miaka yote hii hapa. Mwaka wa kwanza ungeniwekea mlangoni ningekuita mchawi. Mtu ametuoshea njia, ametutandikia mkeka mpya, kosa lake ni kutoijua baridi tu. Ulitaka adabu ya nyumba hii? Umeipanda mwenyewe mpaka barabarani." Akaanza kucheka, akikohoa, Idrisa akamshika bega, na Mzee Bakari, kusema haki, alijizuia kadiri alivyoweza, lakini mdomo ulimsaliti.

Tukawaingiza kwa mlango wa gereji. Mzee Bakari alisita hapo, posa kupitia kwenye matairi, lakini mama yake alishatangulia. Na bibi hakukubali maneno yaendelee kutoka pale yalipokatikia, alitaka yaanzwe upya, kwa hiyo Mzee Bakari alisimama kati ya baiskeli na koleo la theluji akaomba ua tena kuanzia bustani ya kwanza, Hamisi akajibu vizuri kuliko nilivyotegemea, na Zuhura akaulizwa akatikisa kichwa kukubali kabla swali halijaisha. Wakakubaliana harusi iwe kiangazi.

"Tuna sharti moja," Bi Mwanahawa akasema tulipofika kwenye pilau, mkono wake uko juu ya goti langu. "Siku ya harusi huyu asipewe ndoo."

Nimelikubali mbele ya mashahidi na nalirudia hapa: nje ya nyumba yoyote katika mji huu sitaosha kitu tena mpaka nione watu wamevaa ndara. Na nikikuta kitu mlangoni nitauliza kwanza, hata kama wa kumuuliza yuko kwenye usukani, atasimama pembeni.

Ila lile swali la moto umekwenda wapi halijanitoka. Jana nimeweka kikombe cha maji dirishani kwangu, upande wa nje, hakimdhuru mtu, nikavuta kiti nikakaa nakitazama. Barafu inaanzia pembeni.