Yai la kuchemsha lilivyotaka kunikosesha mke Kampala

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nimebadilisha majina tu, maana bado nawahitaji hawa watu kwenye pilau ya Idi.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Mumias. Kazi yangu ni duka la printing hapa Wandegeya, nalala Makindye. Wengine wana betting, wengine wana bia. Ugonjwa wangu ni silva za zamani. Bangili, pete, brochi, hata yale mapambo ya vioo, costume, waliyovaa mama zetu enzi hizo. Nikiona sinia la vikorokoro sokoni, miguu inasimama yenyewe.

Nimepigwa sana kabla sijajua. Kuna jamaa aliniapia mkufu ni wa enzi za mkoloni, kumbe ule muhuri wa 925, alama ya silva halisi, ni mkali kama umetoka kwenye printa yangu. Shingo iligeuka kijani. Tangu hapo natembea na sumaku mfukoni, maana silva ya kweli haishikwi na sumaku.

Ila sumaku pekee haitoshi, hii nawapa bure. Kuna madini yanafanana na silva kabisa na sumaku haiyashiki. Hapo ndipo linaingia yai. Chukua yai la kuchemsha likiwa moto, lipasue, ulifungie na kitu chako kwenye chombo chenye kifuniko. Silva ya kweli inageuka nyeusi. Feki inabaki inang'aa bila aibu.

Sasa nije kwenye maafa.

Nilimpata Rehema, binti wa Kinubi wa Kawempe. Mama yake, Hajjati, alinikubali. Aliyenikataa ni dada mkubwa wa Hajjati, tunamwita Mama Mkubwa. Kila nikifika alinikagua kuanzia viatu.

"Mi najua Wakenya," alikuwa akisema. "Inje shine, ndani hakuna kitu."

Kwao kuna bangili mbili pacha za silva, walizoachiwa na marehemu mama yao. Moja ya Hajjati, moja ya Mama Mkubwa, na hiyo yake haitoki mkononi. Kabla ya nikaha, Hajjati alinikabidhi ya kwake, maana kwao bwana harusi ndiye anayemvisha bibi harusi.

"Hii ni roho ya mama yangu," aliniambia. "Wewe chunga yeye kama yai."

Kama yai. Alisema yeye, si mimi.

Mtu mwenye akili angeiweka kabatini. Mimi nilichemsha yai.

Sikuwa na shaka na Hajjati, wallahi. Mazoea yana taabu. Niliifungia, nikaenda kazini, thesis za wanafunzi zikanizonga nikasahau. Nilirudi nikakuta bangili nyeusi kama sufuria ya mkaa. Nikarukaruka kwa furaha, ni original! Halafu nikakumbuka kesho yake ni nikaha.

Nikatafuta foil, baking soda na maji ya moto, dawa ya kuondoa weusi. Chumba kikanuka mayai viza mpaka mama mwenye nyumba akagonga kuuliza kama choo kimepasuka. Weusi ukatoka. Tatizo ulitoka wote, hata ule wa miaka mingi ndani ya nakshi, ambao ndio sisi wakusanyaji tunaupenda. Bangili ikang'aa kama imenunuliwa jana. Nilitaka kulia.

Siku ya nikaha, sheikh amekaa, natoa bangili. Mama Mkubwa akainuka.

"Banange! Hii si bangili ya mama! Ya mama ilikuwa na giza-giza. Huyu Mkenya amekula ile ya ukweli, analeta sisi feki!"

Wakuu, mimi, daktari wa feki, naitwa feki mbele ya wakwe! Wajomba wakasimama. Rehema aliniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Sheikh akafunga kitabu chake.

Nikasema ukweli wote, yai na foil. Mtu mmoja akacheka, wengine hawakucheka. Nikawaomba: jikoni mayai yanachemka, leteni mawili tupime upya hapa hapa. Na Mama Mkubwa avue ya kwake tuziweke pamoja, si ni pacha? Zikigeuka sawa, maneno yaishe.

Mama Mkubwa akasita. Nilidhani ni kiburi. Wanawake wakamsukuma, "Toa tu, nyabo!" Akavua.

Tukazifungia kwenye hotpot. Ukumbi mzima ukaikodolea macho ile hotpot kama fainali ya mpira. Baada ya kitambo nikainua kifuniko kidogo, nikachungulia.

Ya Hajjati imeshika rangi ya chai kavu. Ya Mama Mkubwa inang'aa, haina hata doa.

Nikainua macho. Mama Mkubwa haangalii hotpot, ananiangalia mimi. Nikaelewa kwamba alijua siku zote.

Sitawadanganya, shetani alinijia. Nilitamani kuzimwaga zote mbili mezani tuone nani feki sasa. Halafu nikaona mkono wake mtupu, na alama ile ya bangili kwenye ngozi. Nikamwonea huruma ghafla.

Funika kombe mwanaharamu apite. Ya kwake nikaizungushia leso mle mle ndani ya mvuke, nikampa. "Mama, yako nimeiwahi isiharibike urembo." Ya Hajjati nikainyanyua juu, kila mtu aone ilivyoungua.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Mama Mkubwa.

"Ni yenyewe! Bangili ya mama yetu ni yenyewe! Na huyu mtoto ni original!"

Sheikh akafungua kitabu. Nikamvisha Rehema bangili inayonuka yai.

Wakati wa kuaga, Mama Mkubwa alinivuta nyuma ya tangi la maji.

"Ile ya ukweli ilisomesha mtoto yangu," alisema. "Hajjati hajui."

"Hajui nini, mama?"

Akanipiga kofi la bega, akaenda kunifungia nyama ya kubeba.

Nilichojifunza: ulichopewa kwa moyo usikipime. Na ukishakipima, si kila jibu ni la kusoma kwa sauti.

Mwenye mbinu ya kupima brochi bila yai ashushe hapa chini, maana Rehema amepiga marufuku mayai nyumbani. Na wewe wa Kawempe unayedhani umeshamjua Mama Mkubwa, tulia: ya kwake ni silva safi, ila yai la upande wake ndilo lilikuwa bovu.