Kisu Chenye Herufi M

Juzi huko Makindu nilipita karibu na fundi aliyekuwa akitia kisu mpini. Alisukuma mkia wa chuma uliokuwa mwekundu kwa moto ndani ya mti, moshi ukatoka, na harufu ile ikanirudisha utotoni, kwetu Zombe, Jumapili moja baada ya kanisa.

Baba alipenda kutengeneza visu kutokana na misumeno iliyovunjika. Alasiri hiyo aliniambia, "Mwende, hiki ni chako." Nilisugua mpini kwa msasa mpaka vidole vikauma, nikaupaka mafuta ya kupikia, naye Baba akachonga juu yake herufi M.

Mafuta hayajakauka, baba mkubwa akafika kutoka Salama na mwanawe Mutua. Baba akamkabidhi Mutua kisu changu.

"Nimekutengenezea. Ona, hata nimeandika M ya Mutua."

Nilidhani amesahau. Nikamkumbusha polepole, nisimwaibishe mbele ya wageni: "Baba, hiyo M ni ya Mwende."

Akacheka. "Watoto nao! Msichana na kisu, wapi na wapi?"

Wote wakacheka, nami nikacheka, nikingoja wageni waage anirudishie. Waliondoka nacho.

Leo najua Baba hakuwa na kitu kingine cha kumpa mtoto wa kaka yake, na aliona haya. Kujua hakujanisaidia sana.

Jumapili iliyofuata aliniita nimsaidie kusugua mpini mwingine. Nilimjibu kwamba nina vyombo vya kuosha. Hakukuwa na hata kikombe kichafu.